Solomon Mahlangu na Somo la Siasa: Maisha ya Kijana Ambaye Jina Lake Limebaki Mazimbu

Utangulizi

Kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Morogoro, mahali ambapo mtu akigeuza uso kusini huiona safu ya milima ya Uluguru imesimama kama ukuta, pana mahali paitwapo Mazimbu. Zamani palikuwa shamba la mkonge. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nayo imepewa jina la kijana mmoja wa Afrika Kusini, Solomon Mahlangu. Watoto wengi wa shule za msingi za Morogoro hulipita jina hilo wakiwa njiani kwenda shule au sokoni. Ukiwauliza Mahlangu alikuwa nani, aghalabu watakujibu kwamba ni jina la chuo.

Makala hii ina makusudi mawili. Kwanza, yaeleza kwa ufupi maisha ya kijana huyo, ili mwalimu mwanachuo asiingie darasani mikono mitupu. Pili, yachunguza suala ambalo maisha hayo hutuletea sisi walimu: je, siasa inaweza kufundishwa kama somo, kwa vipindi na mitihani, bila kugeuzwa kuwa wimbo wa kukariri? Suala hili si geni katika nchi yetu. Baada ya Azimio la Arusha na maandishi ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Siasa ilifundishwa kuanzia shule za msingi hadi vyuo, na ilitahiniwa. Mfumo wa vyama vingi ulipoanza mwaka 1992, somo hilo liliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Uraia. Baadaye shule za msingi zikapata Uraia na Maadili, na mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Majina yamebadilika, lakini mzigo wa mwalimu ni ule ule.

Utoto na Shule

Solomon Kalushi Mahlangu alizaliwa tarehe 10 Julai 1956, akakulia Mamelodi, kitongoji cha Waafrika kilicho kando ya mji wa Pretoria. Baba yake aliondoka nyumbani mwaka 1962, mtoto akiwa na umri wa miaka sita, na tangu hapo alionekana kwa nadra. Mama yake, Martha, alibaki na mzigo wote wa malezi. Alikuwa mtumishi wa nyumbani. Mwalimu hana haja ya kuongeza chumvi hapa. Wanafunzi wengi wanamjua mama wa namna hiyo, anayeamka alfajiri kwenda kupika na kufua katika nyumba ya watu wengine ili wanawe wapate kalamu na madaftari.

Mtoto huyo alizaliwa miaka mitatu baada ya serikali ya Makaburu kutunga sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953. Sheria hiyo iliziweka shule za Waafrika chini ya mamlaka ya serikali, ikazinyang'anya shule nyingi za misheni uhuru wao, na ikakusudia kumpa mtoto Mwafrika elimu ya kumtosha kuwa mtumishi. Fedha zilizotumiwa kwa mtoto mweupe zilizidi kwa mbali sana zile zilizotumiwa kwa mtoto Mwafrika. Madarasa yalijaa kupita kiasi, vitabu vilikuwa haba, na walimu wengi hawakuwa wamepata mafunzo ya kutosha. Tangu mwanzo, basi, Mahlangu alisoma katika shule ambazo siasa ilikuwa imekwisha kuingia, ingawa haikuandikwa kwenye ratiba ya vipindi. Siasa ilikuwa katika idadi ya madawati. Ilikuwa katika kitabu kilichokosekana. Mwalimu mwanachuo akilishika jambo hili moja, hatashangaa tena akisikia mtu akisema kwamba watoto wasiletewe siasa shuleni. Siasa huwa imetangulia kufika. Linalobaki ni kama watoto watasaidiwa kuitambua.

Mwaka 1974 serikali hiyo iliamuru kwamba nusu ya masomo katika shule za sekondari za Waafrika, hisabati na maarifa ya jamii yakiwamo, yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ya watawala. Walimu wengi hawakuimudu lugha hiyo na wanafunzi hawakuitaka. Tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana. Polisi walifyatua risasi. Miongoni mwa waliouawa siku hiyo ya kwanza alikuwamo mtoto Hector Pieterson, mwenye umri wa miaka 12. Ghasia zilienea katika vitongoji vingine, Mamelodi ikiwa mojawapo, na shule zikafungwa.

Wakati huo Mahlangu alikuwa katika shule ya sekondari ya Mamelodi. Alikuwa amefika mwaka wa kumi wa masomo, imebaki miaka miwili kumaliza. Hakuimaliza. Miaka ya mwisho ya shule, ile ambayo kijana huanza kuuliza kwa nini mambo yako kama yalivyo, ilifungiwa mlango mbele yake.

Safari ya Kwenda na ya Kurudi

Mnamo Septemba 1976 Mahlangu alijiunga na chama cha African National Congress, ambacho kilikuwa kimepigwa marufuku tangu mwaka 1960, akaondoka nchini kwake. Vijana walioondoka mwaka ule walikuwa maelfu. Wengine walitaka bunduki, wengine walitaka shule, na wengi walitaka vyote viwili bila kujua kipi kitangulie. Mahlangu alipitia Msumbiji, akapata mafunzo ya kijeshi katika kambi za Angola, nchi zilizokuwa zimepata uhuru mwaka 1975 tu. Akawa askari wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama hicho.

Tarehe 11 Juni 1977, mwaka mmoja kasoro siku chache tangu maandamano ya Soweto, aliingia tena Afrika Kusini kupitia Swaziland, nchi ambayo tangu mwaka 2018 huitwa Eswatini. Alikuwa na wenzake wawili, Mondy Motloung na George Mahlangu. Walibeba silaha na vijikaratasi vya siasa. Siku mbili baadaye, tarehe 13 Juni, polisi waliwatilia mashaka mjini Johannesburg. Wakatimua mbio. George Mahlangu alifanikiwa kutoroka. Solomon na Motloung waliingia katika jengo moja la biashara kwenye mtaa wa Goch. Risasi zilifyatuliwa humo. Raia wawili waliokuwa kazini waliuawa na wengine wawili wakajeruhiwa. Vijana wote wawili walikamatwa.

Motloung alipigwa vibaya kichwani wakati wa kukamatwa, ubongo wake ukaharibika kiasi kwamba hakuweza kusimama kizimbani. Solomon alibaki peke yake. Kesi yake ilianza tarehe 7 Novemba 1977. Mahakama ilikubali kwamba aliyefyatua risasi zilizoua ni Motloung, lakini ikatumia kanuni ya sheria isemayo kwamba watu wenye nia ya pamoja hubeba pamoja lawama ya kitendo cha mmoja wao. Tarehe 2 Machi 1978 alihukumiwa kifo. Rufani zake zilikataliwa katika mwaka huo huo. Maombi ya kumnusuru yalitoka pande nyingi za dunia, Umoja wa Mataifa ukiwamo, lakini serikali ya Makaburu haikusikia.

Alinyongwa katika gereza la Pretoria alfajiri ya tarehe 6 Aprili 1979. Alikuwa na umri wa miaka 22. Ujumbe wake wa mwisho, uliotolewa nje ya gereza na kuenea haraka, uliwataka watu wake waendelee na mapambano. Tarehe hiyo ya Aprili ilikuwa na maana nyingine katika historia ya nchi yake, kwani ndiyo aliyotia nanga Mholanzi Jan van Riebeeck katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, akaanzisha makazi ya kwanza ya Wazungu. Polisi waliogopa umati wa watu, hivyo hakuzikwa Mamelodi bali Atteridgeville, upande mwingine wa Pretoria. Mwaka 1993, siku ile ile ya tarehe 6 Aprili, mabaki yake yalihamishiwa Mamelodi, nyumbani. Mwaka 2005 serikali ya Afrika Kusini huru ilimtunukia Nishani ya Mendi ya Ushujaa.

Kwa Nini Mazimbu

Morogoro ilikuwa imezoea kuwapokea wapigania uhuru hao muda mrefu kabla ya Mahlangu kuacha shule. Baina ya Aprili na Mei 1969 chama cha African National Congress kilifanya mkutano wake mashuhuri katika mji huu, mkutano uliochunguza makosa ya mapambano na kupanga njia mpya. Wimbi la vijana wa mwaka 1976 lilipofika, Tanzania iliwapa wapigania uhuru shamba lile la mkonge la Mazimbu mwaka 1977. Shule ilianza mwaka 1978.

Hapa mwalimu asimame kidogo na ahesabu tarehe pamoja na wanafunzi wake. Mwaka ule ambao shule ya Mazimbu ilianza, kijana ambaye jina lake ingelichukua alikuwa ndani ya chumba cha waliohukumiwa kufa. Hakupata kuketi katika madawati yake. Shule ilipewa jina lake mwaka 1979, baada ya kunyongwa. Kijana aliyeiacha shule akashika silaha alipewa heshima ya shule, na wenziwe walioketi humo walipata ile miaka ya mwisho ya masomo ambayo yeye aliikosa.

Ujenzi ulichukua miaka. Majengo yaliinuka kwa msaada wa mataifa mengi, hasa nchi za Skandinavia na Uholanzi, na kwa mikono ya wakazi wenyewe pamoja na mafundi na vibarua wa Morogoro. Palikuwa na shule ya watoto wadogo, shule ya msingi, sekondari, mashamba, karakana na hospitali. Mwaka 1982 Tanzania iliongeza ardhi Dakawa, kwa kuwa wakimbizi walizidi kuongezeka. Oliver Tambo, Rais wa chama hicho, aliifungua shule rasmi mwezi Agosti 1985. Walimu wanachuo wafurahi kujua kwamba Tambo mwenyewe alikuwa mwalimu wa hisabati na sayansi mjini Johannesburg kabla ya kuwa mwanasheria na kiongozi.

Somo la Siasa katika Ratiba ya Mazimbu

Wanafunzi wa sekondari ya Mazimbu walisoma hisabati, sayansi, Kiingereza na jiografia kama wanafunzi wa mahali pengine, na walifanya kazi za mikono mashambani na karakanani. Zaidi ya hayo ratiba yao ilikuwa na masomo mawili ambayo shule za Makaburu zisingeyaruhusu kamwe. La kwanza lilihusu historia ya mapambano ya watu wa Afrika Kusini. La pili lilihusu maendeleo ya jamii za binadamu, tangu ujima na utumwa hadi ukabaila, ubepari na ujamaa, kama nadharia ya Karl Marx inavyoyapanga.

Tuyatazame masomo hayo kwa jicho la ualimu. Somo la historia ya mapambano lilimpa mwanafunzi kitu alichonyang'anywa. Katika shule aliyoiacha, aliwasoma mababu zake kama washenzi walioshindwa. Sasa alisoma jinsi chama cha wananchi kilivyoundwa Januari 1912, jinsi Mkataba wa Uhuru ulivyopitishwa Kliptown mwezi Juni 1955, na jinsi watu 69 walivyouawa Sharpeville tarehe 21 Machi 1960 kwa sababu ya kukataa vitambulisho vya kibaguzi. Somo la maendeleo ya jamii lilimpa namna ya kuuliza: nani anamiliki ardhi, nani anafanya kazi, nani anakula matunda, na ilikuwaje ikawa hivyo. Maswali hayo ni mazuri, hata kwa mtu asiyekubaliana na majibu yote ya nadharia ile.

Lakini masomo ya namna hii yana hatari yake, na mwalimu asijidanganye kwamba hatari hiyo ilikuwa ya Mazimbu pekee au ya somo letu la Siasa pekee. Somo linalokusudiwa kumwamsha mwanafunzi laweza kumlaza usingizi mara tu majibu yake yanapokuwa yamekwisha kuandikwa kabla ya maswali. Wazee wetu wengi waliosoma Siasa katika miaka ya 1970 na 1980 wangali wakikumbuka orodha za kanuni na tarehe za maazimio. Baadhi yao hukumbuka pia mwalimu mmoja au wawili waliowaachia wabishane. Ukiwauliza ni nani kati ya walimu hao aliyewafundisha siasa, hawasiti kumtaja.

Funzo Nililolipata Darasani

Naomba ruhusa nieleze kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilipewa darasa la sita katika shule ambayo sina haja ya kuitaja. Niliandaa kipindi juu ya maisha ya Mahlangu. Nilikuwa na bidii. Niliandika ubaoni tarehe nane, kila moja na tukio lake, wanafunzi wakazinakili kwa mwandiko mzuri. Juma lililofuata niliwapa zoezi, na karibu wote walipata alama za juu. Nilijiona nimefaulu.

Wakati wa kusahihisha kwa pamoja, msichana mmoja alinyosha mkono. Alitaka kujua wale raia wawili waliokufa katika jengo lile walikuwa wamefanya kosa gani. Sikuwa na jibu katika andalio langu. Nilimwambia aketi, kwamba somo letu halikuhusu hilo. Aliketi. Katika majuma yote yaliyobaki hakunyosha mkono tena katika vipindi vyangu.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Msichana yule alikuwa ameuliza swali la siasa lililokuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa katika kipindi changu, nami nililizima kwa sababu niliogopa kwamba litampunguzia shujaa heshima. Jibu la kweli lilikuwa rahisi kulitamka ingawa gumu kulibeba. Watu wale wawili hawakuwa wamefanya kosa lolote. Walikuwa kazini kwao. Kifo chao kilikuwa msiba kwa jamaa zao kama kifo cha Solomon kilivyokuwa msiba kwa Martha. Na palepale ningeweza kuwauliza wanafunzi maswali yafuatayo: ni hali gani iliyomfanya kijana wa shule aone kwamba hana njia nyingine ila silaha? Je, ni haki mtu kunyongwa kwa risasi ambazo mahakama yenyewe yakiri hakuzifyatua? Nani angaliweza kuzuia yote hayo, na lini?

Mtoto wa miaka 12 ana uwezo wa kuyabeba maswali hayo. Hector Pieterson alikuwa na umri huo huo.

Namna ya Kulifundisha Somo Hili

Kutokana na kosa hilo na uzoefu nilioupata baadaye, natoa mashauri machache kwa mwalimu mwanachuo.

Kwanza, anza na kinachojulikana ndipo uende kwa kisichojulikana. Mtoto wa Morogoro asianze na Pretoria. Aanze na Uluguru. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi udongo usio na rutuba uliletwa juu na ule mzuri ukafukiwa. Watu walilalamika, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka, hasa upande wa Matombo, na mtu mmoja akauawa kwa risasi ya polisi. Mpango ule ukaachwa. Wanafunzi wanaweza kuwauliza babu na bibi zao waliyoyasikia juu ya matuta hayo, wakaleta habari darasani. Mtoto akiisha kuelewa jinsi amri isiyoshirikisha watu inavyozaa upinzani katika mlima anaouona dirishani, hatapata taabu kuielewa amri ya Kiafrikana ya mwaka 1974.

Pili, tumia mstari wa wakati, lakini usiishie hapo. Chora mistari miwili sambamba ubaoni, mmoja wa maisha ya Mahlangu na mwingine wa Mazimbu. Waache wanafunzi wagundue wenyewe kwamba mistari hiyo haikutani mahali popote isipokuwa katika jina. Kisha waulize kwa nini watu huita shule kwa jina la mtu ambaye hakusoma humo.

Tatu, usiyafiche yaliyo magumu. Kuna mengine karibu nasi. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, na gari lililogongana na lake liliendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini. Wananchi waliumia sana, lakini nchi haikuwafukuza wageni wake. Leo jina la Sokoine na jina la Mahlangu yako katika chuo kikuu kimoja, na kumbukumbu zao hupishana kwa siku sita tu katika mwezi wa Aprili. Darasa linaloweza kuzungumza juu ya jambo hilo kwa utulivu limejifunza ukarimu na haki kuliko darasa lililokariri fasili zake.

Nne, pokea swali linalokugeukia. Ukifundisha habari za lugha iliyolazimishwa shuleni, yamkini mwanafunzi mmoja atauliza kwa nini yeye anasoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi na kesho atakuta Kiingereza katika sekondari. Usimkemee. Hali hizo mbili hazilingani: moja ilikuwa amri ya watawala wabaguzi, nyingine ni sera ya nchi huru ambayo wananchi wenyewe wameijadili kwa miaka mingi. Tofauti hiyo yenyewe ni somo zuri. Waache walinganishe, watoe hoja, na waone kwamba mambo ya nchi yao hujadiliwa na watu kama wao.

Tano, pima kuelewa. Tarehe zina nafasi yake, na mwalimu asizidharau. Lakini zoezi lenye maswali kumi liwe na angalau matatu yanayomtaka mwanafunzi atoe sababu, na alama zitolewe kwa nguvu ya hoja hata kama mwalimu hakubaliani nayo. Mwanafunzi akijua kwamba alama hupatikana kwa kukisia anachotaka mwalimu, atakisia maisha yake yote.

Hitimisho

Februari 1990 marufuku juu ya vyama vya ukombozi iliondolewa na Nelson Mandela akatoka gerezani. Wakazi wa Mazimbu walianza kurejea kwao, na Julai 1992 majengo yote yalikabidhiwa kwa Tanzania. Tarehe 27 Aprili 1994 Waafrika Kusini wa rangi zote walipiga kura. Waliorudi waliacha makaburi ya wenzao Mazimbu, nayo yangalipo, yakiitazama milima ya Uluguru. Safari ya darasa hadi hapo si ndefu kwa shule za mjini, wala haihitaji fedha nyingi.

Ukiwapeleka wanafunzi wako, wape muda wa kusoma majina kimya kimya kabla hujaanza kueleza. Wengi waliolala hapo walikuwa vijana. Kisha ngoja swali la kwanza litoke kwao. Likikujia swali usilolitarajia katika andalio lako, kumbuka msichana wa darasa la sita niliyemwambia aketi, nawe umwache aendelee kusimama.

Maswali kwa Majadiliano ya Wanachuo

1. Eleza jinsi siasa ilivyokuwamo katika shule ya Mamelodi ingawa haikuwa somo katika ratiba. Toa mfano mmoja wa jambo kama hilo katika shule unayoijua.

2. Andaa kipindi kimoja cha darasa la sita au la saba kinachoanza na upinzani wa matuta ya Uluguru wa mwaka 1955 na kuishia na amri ya lugha ya mwaka 1974. Onyesha maswali utakayowauliza wanafunzi.

3. Mzazi anakuja shuleni kulalamika kwamba unawafundisha watoto habari za mtu aliyebeba silaha. Utamjibu nini, na utamsikiliza katika lipi?

4. Tunga maswali matatu juu ya maisha ya Solomon Mahlangu ambayo hayawezi kujibiwa kwa kukariri tarehe, kisha eleza utakavyoyasahihisha.